Bezaleli alipewa pia moyo wa kufundisha

Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 31, Mungu anamwambia Musa kwamba amemchagua mtu na kumjaza Roho wake. Mtu huyo si nabii wala kuhani. Ni fundi. Anaitwa Bezaleli, wa kabila la Yuda, na kazi yake ni dhahabu, fedha, shaba, mawe na mbao za hema ya kukutania.

Habari hiyo tunaihubiri mara kwa mara tunapozungumzia vipawa. Tunalopita haraka ni lile la sura ya 35. Pale Musa anawaeleza watu kwamba Mungu alimtia Bezaleli, pamoja na Oholiabu wa kabila la Dani, moyo wa kufundisha. Hema haikujengwa na mikono miwili. Ufundi uliobaki kwa fundi mmoja usingetosha kumaliza hata pazia moja. Kwa hiyo kufundisha kazi ya mikono nako kumehesabiwa hapo kuwa karama.

Leo tuipeleke karama hiyo mpaka Mtambile, kisiwani Pemba, kwenye barabara itokayo bandari ya Mkoani kwenda Chake Chake. Wakristo wa Pemba ni wachache, na majirani zao karibu wote ni Waislamu. Kazi ya mikono ya kisiwa hicho inajulikana pwani nzima: mikeka, makawa ya kufunikia chakula, vipepeo, kamba za usumba. Mkeka huanzia kwenye ukindu. Hukatwa, hukaushwa, huchanwa, mwingine huchemshwa na rangi, kisha husukwa ukili. Ukili ni utepe mrefu unaorudia mpango uleule kutoka mwanzo mpaka mwisho. Ukishapatikana wa kutosha, hushonwa utepe kwa utepe mpaka mkeka ukamilike.

Sasa fikiria kijana mwenye usonji anayeishi katika mji kama huo. Hasemi, au husema maneno machache. Kelele za sokoni humuumiza. Hupenda vitu vipangwe vilevile kila siku, na ratiba ikibadilika hulia au hukimbia. Wataalamu wanatueleza kwamba usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo, ambayo dalili zake kwa kawaida huonekana mtoto akiwa mdogo. Tangu daktari Leo Kanner alipouandika mwaka 1943, tumejifunza mengi. Hautokani na laana, wala malezi mabaya ya mama. Mwaka 2007 Umoja wa Mataifa uliitenga Aprili 2 kuwa siku ya kuukumbusha ulimwengu habari hizo.

Hata hivyo, wapo watoto wa aina hii wanaofichwa ndani wageni wakija. Mmoja atasema ni jini, mwingine atasema amerogwa. Na sisi Wakristo tusijitoe: katika baadhi ya makanisa yetu mtoto huyo huwekwa mbele, akakemewa kama mwenye pepo, huku kelele zilezile zinazomtesa zikiongezwa kwa vipaza sauti. Kisha mama anarudi naye nyumbani na swali lilelile aliloondoka nalo: nikifa, huyu atabaki na nani, na atafanya nini?

Swali hilo halijibiwi kwa maombi peke yake. Sehemu ya jibu ni ukili.

Jambo ambalo darasani huonekana kuwa tatizo, yaani kupenda kurudia, kuona mpango, kuchukizwa na kilichokaa vibaya, kwenye ukili linaweza kuwa msaada. Utepe haubadiliki ghafla, na kosa huonekana kwa jicho bila mtu kulitaja. Kazi hiyo haidai maneno mengi, na msukaji anaweza kukaa kivulini na watu bila kulazimika kuzungumza nao.

Lakini anahitaji mwalimu mwenye moyo wa Bezaleli. Mwalimu huyo huonyesha zaidi kuliko kueleza. Huweka kikao mahali palepale, saa ileile, na mabadiliko yakija humwarifu mapema. Hugawa kazi katika hatua ndogo, na mara nyingine huanzia mwisho: yeye anashona karibu yote, anamwachia mwanafunzi mshono wa kumalizia, ili siku ya kwanza tu ajue raha ya kumaliza. Hamshiki mikono bila ridhaa yake. Na akiona ukindu unamkera kwa ukali wake, au harufu ya rangi inamkimbiza, hamlazimishi. Anamjaribishia usumba, udongo, ushanga au penseli. Si kila mwenye usonji atapenda kusuka, kama ambavyo si kila mmoja wetu anaweza kuimba kwaya.

Tujihadhari pia na kutaka maajabu. London yuko Stephen Wiltshire, mwenye usonji, anayechora mji mzima kwa kumbukumbu baada ya kuuona mara moja kutoka angani. Tumsifu Mungu kwa ajili yake, ila tusimpime kila mtoto kwa kipimo hicho. Mkeka uliosukwa sawasawa unatosha. Nao ununuliwe kwa sababu ni mzuri na kwa bei yake kamili. Anayenunua kwa huruma hununua mara moja tu, naye anayelipa pungufu kwa kuwa msukaji hajui kudai ni mwizi.

Kanisa limewahi kufanya kazi ya namna hii katika nchi yetu. Mjini Iringa, mwaka 2003, Dayosisi ya Anglikana ya Ruaha ilianza Neema Crafts na vijana 3 viziwi waliotengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Leo kituo hicho ni karakana kubwa ya watu wenye ulemavu, wanaosuka, kushona na kupata ujira. Lushoto, Walutheri wana shule ya Irente Rainbow kwa watoto wenye ulemavu wa akili na usonji. Zanzibar nako elimu mjumuisho imo katika mipango ya shule, na Pemba ina kituo cha mafunzo ya amali Vitongoji. Lakini shule ina mwisho. Siku kijana anapovua sare, ndipo swali la mama yake linapoanza upya.

Hapo usharika mdogo una la kufanya, hata usipokuwa na fedha. Mwalimu bora wa ukili pale Mtambile huenda si muumini wetu. Ni bibi wa Kiislamu aliyejifunza kwa mama yake, na ndiye mwenye karama tunayoihitaji. Twende kwake kwa adabu, tumwombe afundishe, tumlipe kazi yake, na tukae chini tujifunze pamoja na kijana. Tusiende na mahubiri mfukoni. Mkeka mmoja wa kukalia, mwalimu mmoja, saa moja, siku ileile kila wiki: mwanzo hauhitaji zaidi ya hapo.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba viungo vya mwili vinavyodhaniwa kuwa dhaifu ndivyo vya lazima. Tukiamini hivyo, tutaacha kumwombea kijana huyu awe mtu mwingine, na tutaanza kumuuliza mikono yake inapenda nini. Baada ya ibada ya leo, mtafute mama yule anayekaa nyuma karibu na mlango ili atoke haraka mtoto akianza kulia. Usimpe pole. Muulize mtoto anapenda kushika nini, kisha mtafutieni fundi.