Ni Mtoto wa Nani Anayepima Maji ya Mulongwe?



Juma hili tuzungumze juu ya vijana wanaopanda mlimani na daftari, kamba ya kupimia na chupa tupu. Wengine husema ni watu wa mradi, wengine huogopa wamekuja kupima viwanja. Lakini kati yao kuna watafiti wanaoanza kazi: wamemaliza chuo juzi, au wako kwenye staji. Wanatafuta namna ya kurudishia milima miti yake na ziwa usafi wake.

Hilo linatuhusu sisi. Uvira imebanwa kati ya milima ya Mitumba na Ziwa Tanganyika. Mlima ukiwa uchi, maji ya mvua hayana kitu cha kuyashika. Yanashuka na udongo na mawe. Tarehe 16 na 17 Aprili 2020, mvua kubwa ilipofurisha Mulongwe, tulizika watu, maelfu ya nyumba zilianguka, na mitambo ya maji ya Regideso iliharibika.

Bomba likikauka, tunajua kinachofuata. Utafiti uliochapishwa 2015, uliosoma hesabu za wagonjwa wa Uvira kuanzia 2009 hadi 2014, ulionyesha kwamba baada ya siku bila maji ya bomba, wanaolazwa kwa kushukiwa kipindupindu huongezeka ndani ya siku 12.

Ziwani pia udongo unadhuru. Utafiti wa 1993 ulionyesha kwamba pale udongo wa milima iliyokatwa miti unapoingia ziwani, aina za viumbe hupungua. Matope hufunika mawe ambamo samaki wengi wa pwani hujificha na kutaga.

Sasa, kazi ya vijana hawa ni nini hasa? Kupanda mti ni kazi ya siku moja, hata picha hupigwa. Mtafiti hurudi kiangazi kuhesabu: mingapi imeshika, mingapi imekufa, na kwa nini. Je, mbuzi wamekula? Moto umepita? Mtu ameing'oa apande mihogo? Hujaribu pia majani yenye mizizi mirefu, yaliyopandwa kwa mistari ya kukata mteremko, aone kama udongo unabaki. Bila hesabu hiyo, mwaka ujao tutapanda vilevile na kupoteza vilevile.

Lakini kuna mambo ambayo chuo hakikumfundisha. Chemchemi gani ilikauka, na baada ya miti gani kukatwa? Nani analima pale juu? Hayo mama wa kartie ndio wanayajua.

Tuseme na ukweli mwingine: mama anayeuza makala hakati miti kwa kupenda. Watoto wanataka kula, shule inataka pesa. Kumwambia aache tu ni kumwambia alale njaa. Basi tuwaambie vijana hawa wazi: katika miti yenu, wekeni ya kuni na ya matunda, nasi tutailinda. Na ile inayokunywa maji mengi, kama mikaratusi, isipandwe karibu na chemchemi.

Neno la mwisho ni kwa mwenye binti. Akisema anataka kusomea maji, samaki au miti, usimjibu kwamba hiyo si kazi. Uvira tuna Kituo cha Utafiti wa Hidrobiolojia, kinachochunguza ziwa hili hili. Mwanzo wa kazi hiyo ni mgumu, na mshahara mara nyingi huchelewa. Ndiyo maana anahitaji mama wa kumtia moyo, si wa kumcheka.

Katika mkutano wa kikundi chenu, jadilini haya matatu:

1. Kijana mtafiti akifika, aelezwe historia ya mahali, naye aahidi kurudi kutueleza alichokipata.
2. Vijiti vya alama visichukuliwe kuwa kuni.
3. Kila kikundi kichague mstari mmoja wa miche, kiulinde kiangazi kizima.

Mche ukifika mvua ya pili ukiwa hai, kijana atakuwa na hesabu ya kuandika, na sisi tutakuwa na udongo uliobaki mlimani.