Mlango Unaofunguliwa Toka Ndani

Wengi wanafikiri kompyuta ya shule haiwezi kupokea maombi toka inje, juu haiko na adresi yake kwenye intaneti. Si kweli. Inaita yenyewe seva ya inje, kisha kazi zinageuka: aliyeita ndiye anayejibu. Mwaka 2009 Lentczner na Preston walipendekeza njia hiyo, wakaiita PTTH, ndiyo HTTP iliyogeuzwa. Leo programu ndogo ya JavaScript inaweza kuifanya.

Ni msaada kwa wasio na feza. Lakini kompyuta ileile ikichunga pointi zetu, ukuta wa inje hautazilinda tena. Basi sisi tunasema: tuitumie, lakini Bwana Prefe ajue kwanza, na kila ombi lionyeshe ufunguo. Bila hiyo, hapana!