Ushanga wa Bibi Usiuzwe kwa Pupa

Kabla chai haijapandwa Kericho, misafara ya pwani ilileta shanga bara, na Wakipsigis walizishona katika mavazi ya ngozi. Si ajabu basi kuzikuta hata leo katika sanduku la bibi huko Litein. Mnunuzi akitokea na noti mkononi, kijana hufurahi, akauza asichokijua.

Mwenye mali na atazame kwanza. Ushanga wa kioo ni baridi mkononi, na mzito kuliko wa plastiki. Ule wenye maua madogo hufanywa hivi: vijiti vya kioo vya rangi mbalimbali huunganishwa kwa moto, huvutwa mpaka viwe vyembamba, kisha hukatwa vipande. Mafundi wa Misri na Rumi ya kale waliijua kazi hiyo yapata miaka 2,000 iliyopita. Wale wa Venice waliihuisha katika karne ya 19, wakibandika vipande juu ya kiini cha kioo. Kwa hiyo, kiini cha rangi moja kikionekana penye tundu, chini ya maua, yamkini ni kazi ya Venice, wala si ya Rumi, hata mchuuzi akiapa.

Tena, kwa Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006, kitu kilichofanywa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 ni cha kale, nacho hakitolewi nchini bila kibali.

Afadhali kuuliza Makumbusho ya Taifa kabla ya kuuza, na kumwuliza bibi aliupata kwa nani, na kuliandika jibu lake. Mali bila daftari hupotea bila habari.