Kugawa Zawadi kwa Haki: Somo la Programu Lisilongoja Kompyuta

Katika shule zetu kugawanya hufundishwa kama kazi ya namba tupu: machungwa 12 kwa watoto 4, kila mmoja 3. Lakini mali inayozusha ugomvi kati ya watu haifanani kama machungwa. Maoni yetu ni kwamba ugawaji wa vitu visivyofanana unafaa sana kuwa somo la kwanza la kutunga programu, hata pale ambapo shule haina kompyuta.

Mwanafunzi wa Geita au Kahama si mgeni wa jambo hili. Wachimbaji wadogo huweza kugawana mawe kwa mifuko kabla hayajasagwa: mwenye duara fungu lake, wachimbaji fungu lao. Mifuko yaweza kulingana kwa idadi, ilhali dhahabu iliyomo hailingani. Aidha, tangu marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2017, migodi hutakiwa kuandaa kila mwaka mpango wa kuihudumia jamii kwa makubaliano na halmashauri. Kijiji kimoja hutaka kisima, kingine darasa, kingine zahanati. Watakaokaa katika vikao hivyo kesho ndio tunaowafundisha leo.

Mwalimu aweke mezani vitu sita, kwa mfano mpira, kamusi, taa ya jua, sweta, mkebe wa hesabu na jembe, na wapokeaji watatu. Darasa liandike maagizo haya:

1. Kila mpokeaji apange vitu vyote kwa kadiri anavyovipenda.
2. Kura ipigwe kupata zamu.
3. Mwenye zamu apewe kitu cha juu kabisa kilichobaki katika orodha yake.
4. Duru ikiisha, zamu igeuzwe: aliyekuwa wa mwisho aanze.
5. Hatua ya 3 na ya 4 zirudiwe mpaka vitu viishe.

Hapo mna orodha, sharti na marudio, yaani nguzo za programu yoyote. Wanafunzi wakiyatekeleza kwa mikono watagundua wenyewe agizo lililo na utata.

Haki yake pia yaweza kuthibitishwa. Tuseme wa tatu anamwonea wivu wa kwanza. Ondoa kitu cha kwanza alichochukua mwenzake. Wivu hauna msingi tena, kwa maana kila kitu kilichosalia kwa mwenzake kilikuwapo mezani wakati yeye mwenyewe alipochagua kingine. Sharti ni kwamba kila kitu kiwe na thamani kikiwa peke yake. Jozi ya viatu isitenganishwe.

Wako walimu watakaosema kwamba mwalimu anajua mahitaji ya watoto kuliko kura. Hoja hii ina uzito: asiye na sweta hawi sawa na mwenye nazo mbili. Hata hivyo, hitaji likitambuliwa na liandikwe kama agizo, lisomwe na wote kabla ya kura. Upendeleo hustawi penye maagizo yasiyoandikwa.

Kompyuta haina huruma wala uonevu, humtii aliyeiagiza. Kwa hiyo walimu wenzetu hatuna budi kumzoeza mwanafunzi kuuliza, kabla hajagusa mashine, swali hili: je, ningeyakubali maagizo haya kama nisingejua zamu yangu?