Mboko: Ziwa liko karibu, lakini mahindi yanakauka

Mtu anayepita barabara ya Uvira kwenda Baraka, akifika Mboko anaona ziwa Tanganyika pembeni. Tangu 2020 ziwa hilo limepanda na kuingia hata ndani ya nyumba za watu wa huku Fizi. Ukame utatoka wapi? Apande kidogo mulimani ataelewa. Kule shamba linangoja mvua tu, na maji ya ziwa hayapandi mulima.

Tena kiangazi cha Juni hadi Agosti si shida, kila mkulima anakijua. Kinachoumiza ni jua linaloingia katikati ya masika, watu wakiwa wameshapanda, likawaka wiki mbili, tatu.

Mahindi yakikutwa kwenye maua, basi. Ua la juu linamwaga chavua kwa wakati, lakini nywele za hindi zinachelewa kutoka. Zikitoka, chavua imeshapita. Mvua ikirudi shamba linakuwa kijani tena, watu wanafurahi, kumbe hindi liko na mapengo kama kinywa cha mzee. Karanga nazo, baada ya kuchanua, zinateremsha vijiti ardhini ili zizae huko chini. Udongo ukiwa mgumu kama tofali, kijiti hakipenyi.

Muhogo ndio unasifiwa. Kweli unavumilia: unaangusha majani, unangoja, mvua ikirudi unachipua. Ila ule uliopandwa juzi bado hauna mizizi ya kutafuta maji, na miezi ya kwanza ndiyo ya hatari. Na majani yakianguka, sombe inakosekana nyumbani mapema, bugali ikiwa bado ipo.

Njia za kupunguza hasara zinajulikana. Majani yanayochomwa Agosti ndiyo yangefunika udongo Oktoba na kuzuia unyevu usipotee. Matuta yakikata mteremko, maji ya mvua hayakimbilii bondeni. Mbegu zisimalizwe siku moja: sehemu ipandwe kwa mvua ya kwanza, sehemu siku kumi baadaye.

Kwa nini basi wengi hawafanyi? Si ujinga. Anayelima shamba la kukodi kwa msimu mmoja, au aliyekimbia vita na hajui mwezi ujao atalala wapi, atafunika udongo kwa faida ya nani? Makubaliano ya misimu miwili au mitatu na mwenye shamba yangesaidia kuliko semina nyingi. Hapo machifu wa vijiji wako na kazi.

Msimu ukiharibika, hasara kubwa inakuja jikoni: mbegu ya mahindi na karanga inaliwa. Mbegu ya muhogo, bahati nzuri, hailiwi. Miti yake ikisimamishwa kivulini, chini ikiwa imefukiwa kwenye udongo wenye unyevu, inangoja wiki kadhaa mpaka mvua irudi.