Turbo kubwa, pampu ile ile!

Wadau, kuna ugonjwa umeingia hapa chuo. Washkaji wenye Subaru Impreza WRX wote wanataka turbo kubwa. Mmoja kauza mpaka laptopu! Ukimuuliza pampu ya mafuta na nozeli je, anajibu "hizo baadaye". Baadaye lini, injini ikishanoki?

Jamani, turbo inazungushwa na moshi wa ekzosi, kazi yake ni kushindilia hewa tu. Haileti hata tone la petroli. Ukikanyaga mafuta na nozeli zimefika mwisho wa uwezo, badala ya kilo 11 au 12 za hewa kwa kilo 1 ya petroli, unasogelea 14. Joto linapaa, mafuta yanajilipukia yenyewe, pistoni zinapasuka. Na zile STI za soko la Japani zilipangiwa petroli ya oktani 100, hii ya kwetu Dar iko chini ya hapo.

Halafu fundi anayekufungia turbo bila kupanga upya kompyuta ya gari, huyo muuza vyuma tu. Pampu na nozeli kwanza! Hela haitoshi? Baki na turbo ya kiwandani, mbona inakimbia.