Lumbesa imehamia kwenye kompyuta

Msomaji wa ukurasa huu amezoea kukuta bei ya mahindi, mchele wa Mbarali na Kyela, viazi vya Uyole na Kilolo, na mbao za Mafinga. Wiki hii tunaomba nafasi tuzungumzie bidhaa nyingine ambayo wafanyabiashara wa Mbeya na Iringa wanaendelea kuinunua, lakini bei yake haibandikwi popote wala haipimwi kwenye mizani. Bidhaa hiyo ni ushauri wa kompyuta.

Wanaoinunua ni wengi: wenye maduka ya jumla, viwanda vya kukoboa mpunga, vyama vya akiba na mikopo, vyama vya ushirika wa mazao, shule na zahanati za binafsi. Anakuja mtaalamu, anafungua kompyuta yake mezani, anaeleza jinsi daftari lilivyopitwa na wakati, kisha anaacha karatasi ya makadirio. Mwenye mali anasaini. Mara nyingi anasaini bila kujua amenunua nini na ametoa nini.

Mkulima wa viazi anaelewa vizuri maana ya lumbesa. Sheria inakataza gunia kuzidi kilo 100, lakini mnunuzi analijaza mpaka mdomoni, kisha anashonea kilemba juu yake. Bei inabaki ya gunia moja. Kilemba ni cha bure, na mkulima ndiye anayekitoa. Tunachosema leo ni kwamba katika mikataba mingi ya kompyuta kuna kilemba cha namna hiyo. Mteja analipa bei aliyotajiwa, halafu juu yake anatoa vitu ambavyo havikutajwa: majina na namba za simu za wateja wake, hesabu zake za ndani, na uhuru wake wa kumwacha mtaalamu huyo siku akitaka.

Faida ipo

Tusieleweke kwamba tunapinga kompyuta. Soko la Mwanjelwa liliteketea mwaka 2006, na soko la SIDO la hapo hapo Mwanjelwa likaungua mwaka 2017. Mwenye duka ambaye daftari lake la madeni lilikuwa chini ya meza alipoteza mali, akapoteza pia ushahidi wa nani anadaiwa kiasi gani. Kumbukumbu zilizohifadhiwa nje ya jengo zingemwokoa. Vilevile, tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, biashara imebadilika mwendo. Mnunuzi wa Dar es Salaam anaweza kulipia mchele kabla lori halijafika Igawa.

Hata mkulima asiyewahi kugusa kompyuta, habari zake sasa zimo ndani ya kompyuta. Tangu msimu wa 2022/2023, anayetaka mbolea ya ruzuku huandikishwa kwenye mfumo na kupewa namba. Kwa hiyo suala la kutumia au kutotumia limekwisha. Lililobaki ni nani anatushauri, na anamtumikia nani.

Dalali na mshauri

Udalali si dhambi. Sokoni dalali anajulikana, na kila mtu anaelewa kwamba anakula kwa pande mbili au kwa upande mmoja. Mwenye mpunga anapoongea naye anayapima maneno yake kwa kipimo hicho. Tatizo linakuja pale dalali anapovaa koti la mshauri.

Tuchukue mfano. Chama cha akiba na mikopo chenye wanachama mia chache kinataka programu ya kutunza hisa, akiba na marejesho. Mtaalamu anaitwa ashauri. Anapendekeza programu fulani, sava, kompyuta tano na malipo ya kila mwaka. Huenda pendekezo ni zuri. Lakini kama mtaalamu huyo analipwa kamisheni na muuzaji wa programu ile, bodi ya chama ina haki ya kujua kabla ya kupiga kura. Akinyamaza, amewauzia wanachama neno lake mara mbili: mara ya kwanza kwao, mara ya pili kwa muuzaji. Na fedha inayotumika si ya mwenyekiti. Ni ya mwalimu wa Ilula, ya mama anayeuza nyanya, ya fundi wa Sabasaba, waliokatwa kidogo kidogo kila mwezi.

Mhasibu akifanya hivyo kuna NBAA ya kumwita. Mhandisi ana bodi yake ya usajili inayoweza kumfuta. Kwa upande wa kompyuta, Tume ya TEHAMA imeanza kusajili wataalamu, lakini mteja wa mikoani bado hana mazoea ya kuuliza usajili huo. Anaangalia kibao cha ofisini na ufasaha wa mdomo.

Somo la zamani

Taifa hili limewahi kulipa gharama ya ushauri usioacha ujuzi nyuma. Kompyuta ya kwanza ya serikali, aina ya ICT 1500 kutoka Uingereza, iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye zikafuata mashine kubwa zaidi na kazi ya hesabu za serikali ikawekwa humo. Wataalamu wa kuiendesha walikuwa wageni, na Watanzania waliofundishwa walikuwa wachache mno. Mfumo ule ulishindwa, na kazi ya hesabu ikarudishwa kwenye mashine za zamani. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali. Mlango haukufunguka sawasawa mpaka miaka ya mageuzi ya uchumi. Nchi ilipoteza muda ambao wenzetu walikuwa wakijifunza.

Kampuni ya ICT iliungana na nyingine mwaka 1968 ikawa ICL, na ICL ikamezwa na Fujitsu ya Japani. ICL hiyo ndiyo iliyotengeneza mfumo wa Horizon kwa ajili ya Posta ya Uingereza, ulioanza kusambazwa mwaka 1999. Horizon ilionyesha upungufu wa fedha ambao haukuwepo. Zaidi ya mawakala na watumishi 900 wa ofisi ndogo za posta walitiwa hatiani kwa kutegemea hesabu zake, na wengine walifungwa. Kwa miaka mingi walielezwa kwamba hakuna mtu anayeweza kuingia kwenye hesabu zao kutoka mbali, na ikaja kuthibitika kwamba mafundi waliweza. Mwaka 2024 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kufuta hatia hizo. Kama hayo yametokea kwa wenye mawakili na magazeti makubwa, karani wa ghala la Makambako akiambiwa na kompyuta kwamba magunia kumi yamepungua atajitetea kwa lipi?

Yanayokuja

Mambo matatu yanaongeza uzito wa suala hili. La kwanza ni kuhifadhi kumbukumbu kwenye sava za mbali. Faida yake tumeitaja, lakini Mei 12, 2024 nyaya za baharini zilipokatika, mtandao ulizorota nchi nzima. Aliyekuwa na nakala ya akiba dukani aliendelea kuuza. Ambaye mshauri wake hakumweleza jambo hilo alikaa akiangalia kioo.

La pili ni taarifa za watu kugeuka bidhaa. Novemba 2024 Benki Kuu ilifungia programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Wakopaji walikuwa wamelalamika sana kwamba ndugu na majirani waliomo kwenye simu zao walipigiwa na kutumiwa ujumbe wa kuwadhalilisha. Orodha ya wanachama wa SACCOS, yenye majina, mishahara na namba za simu, ni mali ya thamani kwa wakopeshaji wa namna hiyo. Mtaalamu anayeondoka na nakala ya orodha hiyo kwenye mfuko wa shati hajabeba karatasi tupu.

La tatu ni akili mnemba. Tayari wapo wanaoahidi mashine ya kutabiri bei ya mahindi au kuchagua nani apewe mkopo. Mashine kama hiyo inajifunza kutokana na kumbukumbu ilizopewa. Kama miaka yote chama kilikopesha wenye mishahara tu, nayo itawakataa wakulima, na karani atasema kompyuta imekataa. Mshauri mwaminifu ataeleza hilo kabla ya kuuza, na ataeleza pia mafaili ya wanachama yanapelekwa nchi gani yanapochambuliwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inawabana wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu, na inampa mtu haki ya kuhoji uamuzi uliofanywa na mashine peke yake. Chama hakiwezi kujitetea kwa kusema kazi ile ilifanywa na fundi.

Mnunuzi afanye nini

Ushauri wetu ni wa kisoko. Kwanza, mtaalamu aandike na kusaini kama analipwa chochote na muuzaji yeyote. Akikataa, mchukulie kama dalali na upunguze bei yake. Pili, mkataba useme kwamba kumbukumbu zote ni mali ya mteja, na kwamba siku ya kuachana atazikabidhi zote katika hali inayosomeka kwenye programu nyingine. Tatu, nenosiri kuu likae kwa mteja, ndani ya bahasha iliyofungwa, na kila anayeingia kutoka mbali aache alama ya jina na saa. Nne, gharama ya miaka mitatu itajwe mapema, maana programu ya bei ndogo yenye ada kubwa ya kila mwaka ni gunia lenye kilemba. Tano, karani wa chama afundishwe mpaka aweze kufanya kazi wiki nzima bila kupiga simu kwa fundi.

Vijana wanaotoka Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya na vyuo vya Iringa wana soko kubwa mbele yao, kwa sababu wako karibu, wanaongea lugha ya mteja na hawamtozi nauli ya ndege. Soko hilo watalilinda wenyewe au wataliharibu wenyewe. Mteja mmoja akilaghaiwa Mwanjelwa, habari inafika Mafinga kabla ya basi la jioni.

Wakulima walipiga kelele juu ya lumbesa kwa miaka mingi kabla mizani haijaanza kuonekana shambani. Wenye biashara wasingoje kiasi hicho. Kabla ya kusaini karatasi ya makadirio wiki ijayo, waulize kilemba kiko wapi.